Kisu cha babu cha kukunja: mpini umepukutika, nikivalishe nini?

MjukuuWaGadi (Tabora)

Mwangaluka wakubwa. Nipo Isevya, kazi yangu ni kufundisha, na ufundi wangu unaishia kwenye kubadilisha balbu. Mnivumilie.

Babu mzaa mama alikuwa gadi wa reli kwenye treni za njia ya Mpanda, ile inayochepuka Kaliua. Alipofariki ndugu waligawana baiskeli, redio na shamba. Mimi nikaangukiwa na kopo la tumbaku lenye kisu ndani. Ni kisu cha kukunja, bapa moja, kikifungwa kina kama sentimita 10. Nakijua tangu utotoni. Alikuwa akimenyea maembe, ganda linashuka mkufu mmoja mpaka chini bila kukatika, na ole wako uliguse kabla halijafika.

Sasa hali yake. Mpini ni wa plastiki ya rangi ya asali. Umepasukapasuka kama sukari guru, upande mmoja nusu imeshabanduka. Kina harufu, na si ya kutu. Nikifungua kopo inanijia kafuri, ile ya kwenye sanda, mpaka mke wangu amekataa kilale chumbani. Bati la shaba la ndani limeota kijani. Bapa lina kutu, lakini ajabu ni kwamba kutu imejaa sehemu inayolala ndani ya mpini, ile inayobaki nje haina shida. Shingoni pameandikwa SHEFFIELD, juu yake kuna nyota na kitu kama msalaba.

Nilishakipeleka kwa fundi mmoja hapa mjini (simtaji, tunasali pamoja). Kabla sijamaliza salamu alishakiweka kwenye grenda. Cheche ziliruka, ncha ikageuka bluu, nikamnyang'anya.

Kinafunguka na kufunga vizuri, kinalia "ta!" kama zamani. Ninavyo: kipande cha mninga cha kitanda kilichovunjika, pembe ya ng'ombe kutoka machinjioni, na rafiki ameniahidi mpingo. Nitumie kipi? Na kinashikwa na nini, gundi au pini?

---

BodaKanyenye (Tabora)

Mwalimu, cha Mchina sokoni elfu tano, kina tochi na kifungua chupa. Hicho mzike nacho babu.

---

SelemalaCheyo (Tabora)

Mninga, usihangaike. Miaka kumi na saba nafanya vitanda na milango, sijaona mti unaotulia kama mninga. Ukishakauka haunyauki, haujikunji, masika na kiangazi ni uleule. Kama kile kitanda kilikuwa cha zamani, mti wake umekauka kuliko wowote utakaonunua leo. Chana vipande viwili, piga msasa, gundi, umemaliza. Njoo hapa Cheyo nikuchanie bure, mbao ndogo namna hiyo hata bei haina.

---

Malagarasi_Kwetu (Uvinza)

Wazee wetu walikuwa wanaweka pembe ya ndovu. Ndiyo heshima ya kisu. Kama kwenu kuna bangili ya bibi ya zamani, ikate, inatosha pande zote mbili na chenji.

---

MrinaAsali (Sikonge)

@Malagarasi_Kwetu futa hayo maneno. Kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kukutwa na nyara bila kibali ni kosa hata kama bangili ni ya bibi wa bibi. Huku kwetu porini tunaona watu wanavyobebwa. Kuna waliokula miaka 20. Mwalimu atakuwa anamenya embe kwenye basi, askari anauliza "huo mpini wa nini?", kwisha habari.

Ukipata mti wowote, nta nitakupa mimi. Ninayo ya msimu huu, safi.

---

FundiKarabai (Ujiji)

Mwakeye. Nimechelewa kwa kuwa simu hii naishika jioni tu, mchana iko kwa mjukuu anacheza mpira wa humo ndani. Niko Ujiji. Natengeneza karabai, miavuli, majiko ya mchina na visu, kazi niliyoirithi kwa baba kwenye benchi hilihili ninalokalia.

Mwanangu mwalimu, tuanze na hiyo harufu. Wote wameiruka, na habari yenyewe ndiyo hiyo. Hiyo si plastiki ya ndoo. Ni seluloidi, plastiki ya kizamani iliyotengenezwa kwa pamba iliyopitishwa kwenye asidi ya naitriki, kisha ikalainishwa kwa kafuri. Kafuri hiyohiyo ya sanda. Pua yako haikukosea, na mkeo ana haki. Ikizeeka inaoza, na ikioza inatoa mvuke wa asidi. Mvuke huo ndio uliokula bapa upande unaolala ndani, ndio uliootesha kijani kwenye shaba. Umekifungia kwenye kopo, kwa hiyo kinajipikia humo. Kitoe usiku huu, kiweke dirishani.

Tena inashika moto kuliko unavyodhani. Filamu za sinema za zamani zilikuwa za ukoo huohuo na ziliunguza majumba. Usiitie grenda, usiipitishie msumari wa moto, usivute sigara juu yake. Yule fundi mnayesali naye, kama angegusa mpini badala ya ncha, mngesali naye hospitali. Ibandue kwa ncha ya bisibisi, polepole, vipande vitumbukie kwenye kopo la maji, ukimaliza uvifukie. Jikoni visifike.

Ikishatoka yote, ndipo uloweke kisu kwenye mafuta ya taa, siku mbili. Kutu ya ndani italegea. Sugua kwa kijiti cha mwanzi na stilwuli. Shingoni usipitishe msasa hata kidogo. Kama huo msalaba ni mfupi, mikono yake imepanuka kuelekea nje, basi pamoja na nyota hiyo ni alama ya Joseph Rodgers & Sons wa Sheffield, Uingereza. Mikononi mwangu vimepita vitatu tu, na kimoja mwenyewe alikuwa anafungulia makopo ya rangi.

Ncha ya bluu: chuma kimepashwa kikazidi, hapo pamelainika. Usilie. Ni sehemu ndogo, itaisha yenyewe kwenye jiwe la kunolea mwaka hadi mwaka. Ila grenda isikiguse tena.

Sasa sikia hili kwa makini kuliko mengine. Usikifumue. Najua kuna video, mtu anatoa pini zote, anatandaza kila kitu mezani kama anauza dagaa, muziki unapiga. Asichokuonyesha ni ile siku nzima ya kurudisha springi. Springi ya mgongoni imekaa imebanwa, ndiyo inayotoa hiyo "ta!". Inashikwa na pini ya katikati na ya nyuma. Ukichomoa ya katikati hovyo, springi inalegea, na kuirudisha unataka mikono mitatu na mdomo usiotukana. Kisu chako ni kizima. Kilichochanika ni nguo.

Fanya hivi. Pini ya katikati ndiyo inayopita pande zote mbili na kushika mpini. Piga tupa kichwa chake upande mmoja mpaka kilingane na bati. Tafuta pini mpya ya unene uleule, ncha yake uichonge kidogo. Iweke juu ya ile ya zamani, gonga. Mpya inaingia inaisukuma ya zamani nje, zinafuatana kama mabehewa, na springi haibaki bila pini hata nukta moja. Pini mpya hununui dukani. Nenda kwa mchomeleaji wa gesi, muombe kipande cha fimbo ya shaba anayochomelea. Ikiwa nene, ifunge kwenye drili, izungushe huku umeibana na tupa, itapungua mpaka ikae.

Na shavu la mpini (mimi kila upande naita shavu) usilitoboe kwa kukisia. Lifunge kwa waya upande wake, halafu toboa kutokea upande wa pili ambao bado mtupu, drili ipite kwenye matundu yaliyopo. Tundu linanyooka lenyewe. Ukimaliza la kwanza, geuza, la pili litoboe kupitia la kwanza. Drili ikiingia inaisukuma pini nje, nayo ukiitoa isukumwe na pini mpya, mabehewa yaleyale. Usisahau hilo, vijana wote wanasahau.

Haya, umeuliza nguo gani. Selemala amesema kweli kuhusu mninga, lakini anawaza kitanda. Shavu la kisu ni milimita tatu au nne, na unalipigilia pini. Mninga mwembamba hivyo unachanika kwenye nyuzi zake. Unafaa kwa mkono uliozoea, si kwa wako, samahani. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama. Una mafuta yake ambayo gundi haiyapendi, lazima uupanguse spiriti kwanza. Mzuri mno, lakini nyundo moja ya hasira unakatika kama kigae. Pembe ya ng'ombe unaichemsha, unaibana kati ya mbao mbili inyooke, nyumba nzima inanuka nywele zilizoungua. Halafu kiangazi chenu cha Tabora kinaikunja tena, na wadudu wanaipenda.

Mimi ningekuwa wewe ningetumia kitambaa. Msicheke. Hapa Kigoma mafundi cherehani wanatupa mabaki ya vitenge kila jioni, mimi nayaokota. Unapaka gundi ya mirija miwili, unapandanisha tabaka kwa tabaka, unabana usiku kucha. Inatoka mbao ngumu isiyo na nyuzi za kuchanika, haijui masika wala kiangazi, unaitoboa na kuipigilia pini bila hofu. Wazungu walianza kuifanya zaidi ya miaka mia iliyopita kwa ajili ya mambo ya umeme, wanaiita maikata. Kitambaa kiwe cha pamba. Choma uzi mmoja: ukinuka karatasi na kuacha jivu, ni pamba. Ukijikunja ukawa kidonge cheusi, ni poliesta, gundi haitazama humo.

Gadi hakuwa na sare?

---

SelemalaCheyo (Tabora)

Mzee shikamoo. Sibishi kwenye visu, lakini mninga wangu mimi haupasuki.

---

FundiKarabai (Ujiji)

Marahaba mwanangu. Kitanda chako hakijapigwa pini ya milimita mbili.

---

MjukuuWaGadi (Tabora)

Mzee shikamoo. Nimesoma mara tatu, ya tatu nikamsomea mke wangu ile sehemu ya pua.

Kisu kiko dirishani. Sare ipo! Shangazi ana suruali ya kaki ya babu, goti limetoboka, anaitumia kufunika chungu cha mchele. Nimeomba, akaniuliza nataka kumroga nani. Nimemweleza, amekubali mguu mmoja.

Maswali mawili. Tabaka ngapi? Na nibane na nini, jiliwa sina.

---

FundiKarabai (Ujiji)

Kaki tabaka 12 zinanipa kama milimita nne. Kata vipande vikubwa kuliko kisu, vidole viwili zaidi kila upande. Gundi iwe ile inayokauka polepole, ya saa nyingi. Ile ya dakika tano usiilete hapa. Vaa glavu, kaa nje.

Jiliwa si lazima. Mbao mbili nene, nailoni ngumu ndani ili zisigandane na kazi yako (mifuko ya rambo waliipiga marufuku 2019, lakini nailoni ya kufunikia daftari ipo kwenu walimu), kisha boliti nne pembeni, ukaze kwa zamu. Ukikaza kama unafunga gurudumu la lori, gundi yote inatoka, kitambaa kinabaki kikavu. Kaza mpaka uone inachungulia pembeni, acha. Kesho yake ndiyo ufungue.

Ukikata na kupiga msasa funga pua kwa barakoa, na loweka msasa maji ili vumbi lisiruke. Vumbi la gundi hiyo si la kuchezea, na la pembe na la mpingo vilevile.

---

MrinaAsali (Sikonge)

Nta bado ipo. Naja Tabora Jumamosi.

---

MjukuuWaGadi (Tabora)

Wiki tatu baadaye.

Nikiri kwanza. Nilinunua gundi ya dakika tano. Dukani haikuwepo nyingine, nikajiambia mkono wangu mwepesi. Tabaka la saba gundi ikashika, na kikombe nilichochanganyia kikawa moto mpaka nikakitupa. Nilipofungua mbao asubuhi nilikuta chapati ya kaki yenye mifuko ya hewa, nikaiinamisha kidogo ikaachana katikati. Nusu ya mguu wa suruali imekwenda na maji. Shangazi hajui.

Mara ya pili nikaagiza gundi ya polepole kutoka Dar kwa mtu wa basi. Nikabana kwa boliti nne za kitanda kilekile cha mninga (Selemala, kimesaidia kitu). Nilipokata ukingo kwa msumeno wa chuma nilishangaa. Kwa nje ni kahawia isiyo na sura. Ukilaza msasa kwa mshazari, tabaka zinatokea kama mistari ya ramani ya milima, ile tunayofundisha darasani. Rangi imekoza, inakaribia chai ya rangi. Na kuna sehemu moja palipokuwa na pindo la mfuko, uzi wa mshono unaonekana umekwenda sambamba na mgongo wa kisu. Sikupanga.

Pini: ile ya kufuatana kama mabehewa ilinichukua jioni nzima, nikitetemeka. Ya zamani ilipotoka nilisikia springi imekohoa kidogo, ikatulia. Shavu la kwanza tundu limenyooka. La pili nilisahau kuifunga waya, likasogea kama nusu milimita, nikalipanua kwa tupa ndogo ya mkia wa panya. Ukitazama karibu pini imekaa katikati ya kijiduara cha gundi. Ukitazama kwa mbali huoni, kwa hiyo naomba mtazame kwa mbali.

Kugonga kichwa cha pini ndiko kulikonipendeza. Mchomeleaji wa pale karibu na stesheni alinishauri nipashe shaba mpaka iive wekundu hafifu na kuiacha ipoe kabla ya kuipigilia, inakuwa laini. Kweli. Nyundo ndogo, vipigo vyepesi vingi, kichwa kinafunguka kama uyoga. Nikiongeza kidogo namfungua na kumfunga, namsikiliza. (Nimeanza kumwita "yeye".)

Bapa bado linacheza kushoto na kulia, kidogo sana. Niguse pini ya shingoni?

---

FundiKarabai (Ujiji)

Kazi ya mtu mzima hiyo. Chapati kila mtu anapika moja.

Ya shingoni, iguse kwa adabu. Kata kipande chembamba cha kopo la soda, kichonge kama herufi U, kipenyeze kati ya bapa na bati, kikumbatie pini. Gonga kichwa vipigo vitatu vinne, kisha vuta kopo litoke. Nafasi aliyoacha kopo ndiyo nafasi ya bapa kupumua. Bila kopo utambana, utamfungua kwa meno.

Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye shingo. Kuna mtu huku Mwanga alitia mawese kwa kuwa yalikuwa karibu, mwezi mmoja kisu kikawa kama kimefungwa kwa ulimbo. Mafuta ya kula yanaganda. Ukimenya embe, futa bapa palepale. Litageuka jeusijeusi, chuma cha zamani ndivyo kilivyo, hiyo siyo kutu.

---

MjukuuWaGadi (Tabora)

Kopo limefanya kazi. Halichezi, na "ta!" imerudi, labda kali kuliko mwanzo. Nta ya Sikonge nimeipaka jana, nikapiga kwa kitambaa mpaka nikaona kivuli cha taa humo. Harufu ya kafuri imeondoka, sasa kinanuka asali. Mke wangu amekiruhusu chumbani, droo ya chini.

Leo nimemenya embe dodo kwa mara ya kwanza. Ganda limekatika mara nne.

Tatizo jipya: mjomba ameona picha kwenye grupu la familia. Anasema babu alimwahidi yeye hicho kisu, na kwamba mimi nilipewa kopo tu. Anakuja Jumapili.

---

BodaKanyenye (Tabora)

Cha Mchina bado elfu tano. Nikuletee?

---

FundiKarabai (Ujiji)

Mletee. Chenye tochi.